Nimefungua boksi la mkopo wa milioni 3: benki na SACCOS wote wameandika asilimia 18

Niaje wadau, karibuni tena mezani kwangu. Leo hakuna simu, hakuna sabufa, hakuna ile blenda mnayoniomba kila siku, leo nafungua mkopo. Yaani kama ninavyofunguaga boksi la simu, natoa chaja, natoa kava, naangalia wameficha nini chini ya kartoni, leo natoa karatasi moja moja. Hapa kulia kwangu ni mkataba wa mkopo wa benki, hapa kati ni steitimenti ya akaunti, na huku kushoto kitabu changu cha SACCOS ya kazini, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, kimechakaa hivi kwa sababu kinakaa kwenye droo moja na spana. Majina nimeyaziba na selotepu nyeusi. Siwataji kwa sababu sina hela ya wakili, na ile niliyokuwa nayo ndo hii nawaonyesha ilikoenda.

Tuanze na akaunti tumalizane nayo haraka maana hii inauma kidogo kidogo kama mbu. Mwaka juzi niliacha elfu 40 kwenye akaunti ya pembeni, nikasema hii ni ya dharura, siigusi. Kweli sikuigusa. Nimerudi mwaka huu nakuta elfu 11 na mia kadhaa. Nani kaigusa? Ada ya kuendesha akaunti kila mwezi, ada ya kadi ambayo sijawahi kuichomeka popote, afu kuna meseji, jamani, meseji ya kuniambia wamenikata inakatwa na yenyewe. Na juu ya ada kuna VAT asilimia 18 na kuna ushuru wa bidhaa, kwa hiyo ile bei iliyobandikwa ukutani pale benki usome vizuri kama kodi imo au haimo. Mimi nilisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni, nikaona "elfu mbili", nikasema aah ndogo. Kodi haikuwemo.

Mnakumbuka tozo za miamala, Julai 2021? Shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea unatuma kiasi gani, nchi nzima ilipiga kelele, mpaka Septemba mwaka ule ule wakapunguza asilimia 30. Tulipiga kelele kwa sababu tuliiona, ilikuwa inakuja kwenye simu yako wewe mwenyewe, umetuma hela kwa mama unaona hii hapa imeondoka. Sasa nawauliza, mkopo unaokula laki tano zaidi kimya kimya mbona hakuna anayepiga kelele? Ngoja niwaonyeshe. Sogea karibu na skrini.

Stori yenyewe ni hii. Mke wangu ana stesheneri ndogo Tabata, mashine ya fotokopi ikafa, fundi akasema hii bora uiuze kwa kilo. Mashine nyingine, used lakini nzuri, 2,900,000. Nikaenda benki kuomba milioni 3 kamili, nikijua laki moja itabaki ya kununulia karatasi na wino. Nikakaa na dada wa mikopo, mchangamfu kweli, ana kalenda ya mezani yenye picha ya familia inacheka kwa sababu imepata mkopo. Akaniambia kaka, asilimia 18 tu kwa mwaka, miezi 24, mshahara wako unapita hapa hapa, kesho kutwa hela imeingia. Nikamuuliza, dada hiyo 18 inapungua kadiri ninavyolipa? Akanijibu, "Marejesho yako hayabadiliki kaka, laki moja na sabini kila mwezi, huna stresi." Mnaona hapo? Hajanijibu nilichouliza. Amejibu swali lingine kabisa na mimi nimetikisa kichwa kama nimeelewa, maana nyuma yangu kulikuwa na mzee anakohoa anasubiri kiti.

Hela ikaingia kweli kesho kutwa. Milioni mbili laki nane tisini na tatu elfu na mia mbili. Nikasema labda nyingine inafuata. Haifuati bwana. Huu hapa ukurasa wa nne wa mkataba, herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya panadoli: ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, hiyo ni 60,000. VAT ya hiyo ada, 10,800. Bima ya mkopo, 36,000. Jumla wamekata 106,800 kabla sijashika hata shilingi, lakini riba wanahesabu kwenye milioni 3 nzima, yaani nalipa riba ya hela ambayo haijawahi kulala kwenye akaunti yangu. Nikaenda kwa muuza mashine nimepungukiwa 6,800. Elfu sita na mia nane! Mtu mwenye mkopo wa milioni 3 anatoa hela ya nauli mfukoni kumalizia bei, afu anarudi Tabata kwa miguu kutoka Buguruni, hiyo laki ya karatasi na wino sijui hata niseme nini.

Sasa hapa ndo penyewe. Wale mliozoea kuruka mbele msiruke.

Kuna riba ya flati na kuna riba ya kupungua. Kwenye flati wanachukua milioni 3, mara asilimia 18, mara miaka miwili, inatoka 1,080,000, wanajumlisha na deni, wanagawa kwa 24, unapata 170,000 kila mwezi. Rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaipiga. Kwenye riba ya kupungua unatozwa kwa deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni 3 kwa hiyo riba ni 45,000, sawa na ya flati, lakini mwezi wa pili deni limepungua na riba inapungua, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa asilimia 18 ile ile na miezi 24 ile ile, rejesho linakuwa kama 149,800 na riba yote mpaka unamaliza ni laki tano na tisini na kitu. Tofauti ni kama laki nne na themanini na tano. Kwenye bango zote zinaitwa 18.

Kama hamjaamini angalieni huu mstari nimeupiga hailaita. Mwezi wa 24 kwenye jedwali la benki: deni lililobaki 125,000, riba ya mwezi huo 45,000. Rudia kusoma. Unadaiwa laki na ishirini na tano, unatozwa elfu 45 kwa mwezi mmoja. Hii ni zaidi ya theluthi ya deni! Hata wale wa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, wanaokaa na kina mama sokoni na daftari lao wangeona aibu kidogo. Kwenye riba ya kupungua mwezi huo huo riba yako ni kama elfu mbili na mia mbili. Na ukiigeuza hiyo flati ya 18 kuwa riba ya kupungua inatoka zaidi ya 31 kwa mwaka, na hapo sijaweka ile laki moja na ushee waliyoikata mlangoni.

Nimetaja kausha damu, najua kuna mtu ataandika "broo bora benki kuliko zile apu". Kweli kabisa, sibishani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na wengi wenu mnajua raha ya bosi wako kupigiwa simu anaambiwa wewe ni tapeli kisa elfu thelathini. Lakini hata huko kwa wenye leseni wa huduma ndogo za fedha, kikomo ni asilimia 3.5 kwa mwezi, piga mara 12 uone. Kwa hiyo mtu akikuambia "tatu na nusu tu" muulize ya mwezi au ya mwaka kabla hujachekelea.

Haya, SACCOS. Najua mnasubiri niwasifie tu maana ni chama chetu wenyewe. Tulieni.

Bei ya mkopo, SACCOS yetu imeshinda, wala hakuna mjadala: asilimia moja na nusu kwa mwezi, yaani 18 ile ile kwa mwaka, ila ya kupungua, ada ya fomu elfu kumi, na jedwali wanakupa siku ile ile limeandikwa na mhasibu kwa mkono. Ungeniuliza basi kwa nini hukuchukua huko? Kwa sababu milioni 3 unatakiwa uwe na akiba ya milioni moja, wanakopesha mara tatu ya akiba, na mimi akiba yangu ilikuwa laki nane na kidogo. Kwa nini laki nane? Funua ukurasa wa tisa. Nilimdhamini jamaa wa kitengo chetu, tunakula wote, tunashangilia timu moja, akaacha kazi ghafla akaenda mkoani kulima, simu haipatikani, wakagawana deni lake wadhamini watatu, mimi nikakatwa 290,000 kwenye akiba. Katibu ananiambia "pole ndugu mwanachama." Pole hiyo haijaandikwa kwenye kitabu.

Na hata ningekuwa na akiba, foleni. Ikifika Januari kila mtu ana ada ya shule, chama hakina hela ya kutosha, unaambiwa uko wa kumi na nne, subiri makato ya mwezi ujao. Mashine ya mke wangu ilikuwa haijui foleni. Na hisa hutoi ukitaka, labda upate mwanachama mwenzio azinunue, kwa hiyo usiingie ukidhani ile ni akiba ya kuchomoa.

Tumalizie ya benki maana kuna kipande kizuri. Mwezi wa 12 nikapata hela ya pembeni nikaenda kulimaliza deni. Nimeshalipa 2,040,000 mpaka hapo. Dada yule yule, kalenda mpya, akaniambia naleta nyingine 2,040,000. Nikamwambia dada yangu, hiyo ina riba ya miezi 12 ambayo sitakuwa na hela yenu. Akasema ndo mfumo unavyosoma. Sikugombana, nikaandika barua, kurasa moja na nusu, nikaipeleka kwa mkono, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, nikaandika mwishoni kwamba nisipojibiwa napeleka malalamiko Benki Kuu. Wiki ya tatu nikapigiwa simu na sauti nyingine kabisa, ya taratibu, inaniita mheshimiwa mteja, kwamba mfumo sasa unasoma 1,575,000, mtaji uliobaki, yaani deni lenyewe bila riba, na faini ya asilimia 5 ya kulipa mapema. Yaani barua ya kurasa moja na nusu ilikuwa na thamani ya 465,000, sijawahi kulipwa vizuri hivyo kwa kuandika.

Maksi zangu: akaunti, mbili kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya mlinzi wa pale mlangoni. Mkopo wa benki, mbili, hela inatoka haraka hilo nawapa. SACCOS, tatu na nusu, ingekuwa nne kama jamaa yangu angepokea simu. Kama una jedwali lako la mkopo na hujui ni flati au la, angalia safu ya riba tu, kama namba ni ile ile kuanzia juu mpaka chini basi ushajua uko wapi. Mashine inafanya kazi ila inakwaruza kwenye A3, video ijayo naifungua.