War: masteringi wawili, ngumi kiduchu

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria moja tu ya filamu za kupigana: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Apigwe, atupwe mtoni, achomewe nyumba, dakika za mwisho atainuka tu. Kwa hiyo juu ya hilo hatukubishana. Ubishi ulikuwa ni je, wakikutana masteringi wawili? Jet Li na Van Damme, nani atakaa? Nimeona watu wazima, wenye ndevu zao, wakinuniana wiki nzima kwa swali hilo.

Ndiyo maana juzi kijana anayejaza watu movie kwenye flash pale mtaani aliponiambia, "Kaka, hii hujaiona? Jet Li na Jason Statham, mmoja anamsaka mwenzake," sikuuliza la pili. Nikatoa mia tano yangu. Filamu ni ya 2007, inaitwa War, ingawa nchi nyingine waliiuza kwa jina la Rogue Assassin. Jioni nikakaa sebuleni na mpwa wangu, karanga mezani, simu nimezima.

Mwanzo ni mtamu, nisiwe mchoyo. Statham ni Crawford, mpelelezi wa FBI mjini San Francisco (picha zenyewe walipigia Vancouver, Kanada). Mwenzake wa kazi, Tom Lone, anamfyatulia risasi ya uso muuaji wa kukodiwa aitwaye Rogue, na Rogue anatumbukia majini. Bila shaka hakufa. Anarudi kwa Tom nyumbani, mke na mtoto wanauawa, nyumba inateketea. Miaka 3 baadaye Rogue anaibuka tena, safari hii ni Jet Li ndani ya suti kali, uso mkavu kama ubao. Amejipenyeza katikati ya magenge mawili: Triad la Wachina chini ya Chang, na Yakuza la Wajapani chini ya Yanagawa. Leo anaua huku, kesho anaua kule, na kila bosi anaamini huyu ni mtu wake. Anawachonganisha taratibu kama mke mwenza mwenye akili. Katikati yao kuna farasi wa dhahabu, urithi wa ukoo wa Chang, wanaogombewa mpaka damu imwagike.

Hapo nikajua leo tumepata.

Kumbe tumeshapata yote. Kuanzia hapo filamu inageuka kikao. Statham anaingia ofisini, anafoka, anatoka, anakagua maiti, anarudi kufoka. Ndoa yake imevunjika, tunaambiwa, lakini hakuna anayepewa muda wa kuilia. Devon Aoki, binti wa Yanagawa, anatoka Japani kwa mikwara mingi na mimi nikakaa tayari kuona atafanya nini. Hakufanya la maana. John Lone, yule aliyekuwa mfalme mwenyewe kwenye The Last Emperor ya 1987, hapa ni Chang, na nusu ya muda kazi yake ni kukunja uso mezani. Saa nzima na zaidi masteringi wetu wanapishana tu, kama madaladala ya ruti mbili tofauti.

Na ngumi zenyewe? Aliyezipanga ni Corey Yuen, mtu aliyeongoza The Transporter ya 2002 pamoja na Louis Leterrier, ile iliyompandisha Statham chati. Fundi alikuwepo, basi. Ila kiti cha mwongozaji alikalia Philip Atwell, mtu wa video za muziki, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Inaonekana. Ngumi inarushwa, kabla haijatua umeshahamishiwa kwenye bega la mtu, kisha taa, kisha kiatu. Jet Li amecheza wushu, sanaa ya kupigana ya Kichina, tangu utotoni, amekuwa bingwa wa China, mtu wa namna hiyo unamwekea kamera mbali kidogo, unakaa pembeni, unamwacha. Panga zinapotolewa, Jet Li na Yanagawa uso kwa uso, picha inatulia kiasi na nikanyanyuka kwenye kochi. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoirudisha nyuma.

Sasa naharibu utamu, asiyetaka aishie hapa. Mwisho wanakutana. Karanga nikazisogeza pembeni. Wanashikana kidogo, wanaangushana kidogo, halafu wanaanza kuongea! Rogue anasema yeye siye Rogue. Yeye ni Tom Lone. Tom alishamuua yule muuaji zamani, kisha akaenda kwa daktari akabadilishwa sura afanane naye, ili awamalize waliomwulia familia. Na Crawford, huyu tuliyemwonea huruma filamu nzima, ndiye aliyekuwa akila mlungula wa Yanagawa na ndiye aliyetoa anwani ya rafiki yake. Risasi, Crawford chini, majina yanapanda kwenye kioo.

Wazo si baya, nalisema kwa moyo mweupe. Kisasi kinachokuja kumwangukia rafiki ni kitu kizito, na lingepewa nafasi lingeniumiza. Lakini limerushwa dakika za mwisho kama mtu anayelipa deni huku anakimbilia basi. Tena haliingii akilini. Sura ilibadilishwa, sawa, tumekubali. Na sauti je? Na kung fu ya Jet Li, Tom aliisomea wodini?

Mpwa wangu ana miaka 16, hakupitia mabanda, lakini aliuliza swali ambalo kule lingeleta fujo: "Mjomba, sasa steringi alikuwa nani?" Nikamwambia Jet Li. Akasema, "Lakini tulikuwa tunamshangilia Statham." Nikanyamaza, maana ni kweli, na mimi ndiye niliyekuwa napiga makofi kwa sauti.

Kesho yake nilirudi kwa yule kijana. Alicheka, hakunirudishia hela, ila alinifutia War na nafasi yake akaniwekea bure Fist of Legend ya 1994. Tumeitazama mara mbili tayari. Jet Li anapiga, na unaona mkono umetokea wapi na umetua wapi.