Streetmix: mizani nzuri ya kugawa mita za barabara, mpaka ufike njia panda

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia Streetmix, programu ya mtandaoni inayomwezesha mtu yeyote kuchora mgawanyo wa barabara, katika vikao vya kupanga njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kwa kuwa naulizwa mara kwa mara kama inafaa kukabidhiwa kamati za wakazi au wanafunzi wa mipango miji, nimeona niiandikie tathmini. Inafaa, na kwa kazi ya kuwafanya watu wabishane kwa vipimo badala ya hisia sijaona kitu kinachoishinda, lakini mchoro wake ukichukuliwa kuwa ndio mpango wenyewe wa barabara, utakuwa umeacha nje njia panda, mahali ambapo watu wengi hugongwa.

Programu hii ilianzishwa mwaka 2013 na vijana waliokuwa katika mpango wa Code for America, shirika la Marekani linalosaidia serikali kwa teknolojia, mjini San Francisco, na wazo lake lilitokana na zoezi la vikao vya wakazi, ambako watu walipewa vipande vya karatasi, kila kimoja kikiwakilisha njia ya magari, ya baiskeli au ya miguu, wavipange wenyewe ndani ya upana wa barabara. Streetmix imelihamishia zoezi hilo kwenye kivinjari. Haihitaji kupakuliwa, matumizi yake ya msingi hayalipiwi, na ni programu ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Unapoifungua unaikuta barabara kana kwamba imekatwa kwa msumeno nawe umesimama mbele ya mkato wake: jengo upande huu, jengo upande ule, na katikati njia ya miguu, miti, maegesho na njia za magari. Kila kipande unakikokota kwa kipanya, unakipanua au kukipunguza kwa kuvuta ukingo wake, na vipimo vinabadilika hapo hapo.

Uzuri wake mkubwa uko katika kukataa. Ukishaweka upana wa barabara, kipande kinachozidi nafasi iliyopo kinatiwa alama ya onyo, na hapo hakuna mwenyekiti wala mhandisi anayeweza kuibembeleza programu iongeze nusu mita. Chukua barabara yenye upana wa mita 16 kutoka ukuta hadi ukuta, ikiwa na njia za miguu za mita 1.5 kila upande, maegesho ya mita 2.2 pande zote mbili, njia mbili za magari za mita 3.5 kila moja, na mita 1.6 iliyobaki kama ukingo wa vumbi usiokuwa na mwenyewe. Punguza njia za magari ziwe mita 3, ondoa maegesho yote, na ule ukingo wa vumbi uuingize kwenye hesabu: unapata njia za miguu za mita 2.5, njia za baiskeli za mita 2 kila upande, na kinga ya nusu mita kati ya baiskeli na magari. Jumla ni 16 kamili.

Kisha anatokea mjumbe anayetaka upande mmoja wa maegesho ubaki, na kwa kweli katika kila kikao nilichohudhuria hakukosekana mtu wa namna hiyo. Usimjibu kwa hotuba, mpe kipanya. Akirudisha mita 2.2 za magari yaliyosimama, njia za miguu zinashuka hadi mita 2, njia za baiskeli hadi mita 1.5, na kinga inabaki sentimita 40. Kwenye mita 1.5 guta lililobeba mzigo linaijaza njia yote, na mwendesha baiskeli aliye nyuma yake hana pa kupitia. Nimewahi kumwona mtu akivuta kipande hicho huku na huku kwa dakika kadhaa, kimya, kabla ya kukiri kwamba magari manane ya wenye maduka ndiyo yanayowabana watu wengine wote. Kukiri huko kulikuwa na uzito kwa sababu hakuna aliyemlazimisha.

Mchoro huo pia unasaidia kuonyesha uvukaji. Katika mpangilio wa kwanza mtu anavuka mita 13 kati ya njia moja ya miguu na nyingine, wakati katika mpangilio mpya mita zenye magari yanayokwenda ni 6 tu. Mzee anayetembea kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde anatumia sekunde 16 katika hali ya kwanza na sekunde 7 na nusu kuvuka njia za magari katika ya pili. Hesabu hii programu haikufanyii, na wala haikuambii kwamba kinga ya nusu mita haitoshi mtu mwenye kigari cha mtoto kusimama akisubiri. Anayeongoza kikao lazima aijue mwenyewe. Vivyo hivyo kuhusu uwezo wa kubeba watu. Mwongozo wa NACTO, chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini, uliotoka mwaka 2016, unakadiria kwamba njia ya upana wa takriban mita 3 ikiachiwa magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, ikiwa njia ya baiskeli iliyokingwa, ya kwenda na kurudi, hupitisha watu 7,500, na ikiwa njia ya miguu watu 9,000. Huwa naibandika karatasi yenye tarakimu hizo ukutani kabla kikao hakijaanza.

Sasa nije kwenye kasoro, na niiseme kama ilivyo: mkato wa barabara hauna njia panda. Unaonyesha barabara ilivyo katikati ya kitalu cha majengo, mahali palipo rahisi kupanga, ambapo kila mmoja anakwenda mbele na hakuna anayekata kona. Pale ambapo gari linapinda mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja, na pale ambapo mwenda kwa miguu anashuka ukingoni bila kujua dereva anaelekea wapi, mchoro uko kimya. Mradi mmoja niliowahi kuufuatilia, ambao sitautaja, ulikuwa na mchoro wa kupendeza sana wa aina hii. Barabara ilipokamilika, njia ya baiskeli ilikuwepo kama ilivyoahidiwa, lakini mita kama 20 kabla ya taa za kuongozea magari rangi iliisha, nafasi ikapewa magari yanayopinda, na waendesha baiskeli wakaachwa wajipenyeze. Hakuna aliyedanganya, kwa maana mchoro ulikuwa sahihi kwa kila mita isipokuwa zile zilizohitaji ulinzi.

Uholanzi, ambako maandamano ya wazazi ya miaka ya 1970 dhidi ya vifo vya watoto barabarani yalichangia sana kubadili sera, kazi kubwa ya usanifu iko hasa kwenye kona. Kwenye njia panda iliyokingwa, kisiwa kidogo cha zege hukaa konani ili gari lipinde polepole, na mstari wa kusimamia baiskeli husogezwa mbele ya ule wa magari ili dereva amwone mwendesha baiskeli mbele yake badala ya kumtafuta kwenye kioo. Kivuko cha baiskeli nacho hurudishwa nyuma ya kona kwa urefu wa gari moja hivi, ili dereva anayepinda awe na mahali pa kusimama bila kuziba barabara aliyotoka. Mambo yote hayo huonekana ukiitazama barabara kutoka juu, na katika mkato hayana mahali pa kukaa.

Tena kuna suala la mtandao. Seville, nchini Hispania, ilijenga kati ya mwaka 2006 na 2010 mtandao wa takriban kilomita 120 za njia za baiskeli zilizotengwa, na kilichowatoa watu majumbani na baiskeli zao ni kwamba njia hizo ziliungana. Streetmix inakupa barabara moja, nayo imekatwa mahali pamoja. Ukitaka kuona unganiko, rudi kwenye ramani.

Kasoro nyingine ni ndogo zaidi, ingawa inanikera: mchoro unapendeza kupita kiasi. Miti imekomaa siku ile ile ilipopandwa, na kwenye njia ya miguu hakuna pikipiki iliyoegeshwa. Anayetaka kuusogeza mchoro karibu na hali halisi anaweza kuupeleka kwenye 3DStreet, programu nyingine ya chanzo huria inayopokea barabara iliyochorwa Streetmix na kuionyesha kwa pande tatu, jambo linalosaidia kumweka mtazamaji kwenye urefu wa macho ya mtembea kwa miguu.

Kwa hiyo naitumia hivi. Jioni ya kikao cha kwanza tunachora na kubishana mpaka jumla ya mita ikubali. Asubuhi yake tunakwenda kwenye njia panda iliyo karibu tukiwa na futi ya kupimia, chaki na koni, tunauchora ukingo mpya wa kona barabarani, na tunasimama kando kutazama magari yanavyopinda. Chini ya kila mchoro ninaoutoa naandika kwa mkono ulipokatwa mkato huo, ni mita ngapi kutoka njia panda ya kushoto na ngapi kutoka ya kulia, na kando yake naambatanisha karatasi ya pili yenye kona, hata kama imechorwa kwa penseli.