Jezi tatu za Wanyama kutoka kibanda kimoja cha River Road

Nilikuwa natafuta jezi yenye namba 67 mgongoni. Nilizunguka River Road, Nairobi, Jumamosi nzima, na katika vibanda vitatu vya kwanza hakuna aliyenielewa. Kote kumejaa washambuliaji. "Mzee, chukua ya Messi, hiyo ndiyo inatembea," kijana mmoja akaniambia huku ameshaishusha kwenye msumari. Nikamwambia siku ninayoitafuta mimi Messi alikuwa uwanjani, akafunga, na bado akatoka amefungwa.

Kibanda cha nne, ghorofa ya pili, muuzaji aliposikia sita-saba alisimama. "Wanyama wa Celtic, baba. Ngoja." Akapanda kiti, akatoa gunia kutoka juu ya rafu.

Jezi ni ya mpwa wangu. Ametimiza miaka 15, anacheza namba sita, na akirudi kutoka mazoezini magoti yake yana vumbi jekundu. Victor Wanyama alikuwa na miaka hiyo hiyo alipoichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mara ya kwanza, Mei 2007, dhidi ya Nigeria. Nataka kijana avae jina la mtu aliyefanya kazi anayoifanya yeye: kukaba, kunyang'anya, kutoa pasi fupi na kurudi nafasini. Watoto wengi wa hapa wanaicheza namba hiyo kwa sababu kocha amewaweka hapo, na hakuna anayewaambia kwamba Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alikuwa kiungo mkabaji.

Nianze na ya Celtic, klabu ya Scotland aliyoichezea Wanyama, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ni mtumba, mistari ya kijani na nyeupe, ya msimu wa 2012-13. Kitambaa kizito kiasi, mshono wa kwapa uko imara, lebo ya ndani bado inasomeka. Haikuwa na jina, kwa hiyo muuzaji aliichapa pale pale kwa mashine ya kubandika kwa joto. Nilisimama nikitazama. Alipima kwa rula kutoka kwenye kola, akaweka karatasi juu ya herufi, akakandamiza, akasubiri ipoe ndipo akabandua ngozi ya juu. Wengi hawana subira ya kungoja ipoe, na hapo ndipo kingo huanza kuinuka. Jezi pamoja na uchapaji ilinigharimu shilingi 2,200. Imefuliwa mara sita sasa, kwa maji baridi, imegeuzwa ndani nje, imeanikwa kivulini. Hakuna herufi iliyochubuka.

Namba yenyewe ina maana. Wanyama aliichagua 67 kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967 kule Lisbon, kwa kuifunga Inter ya Italia 2-1. Mpwa wangu alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mjomba, si Inter ndiyo timu ya Mariga?" Ndiyo hiyo hiyo. McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, kiungo pia, alikuwa kwenye kikosi cha Inter kilichobeba Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Nyumba moja ya Nairobi ina watoto wawili waliozivaa jezi za timu zote mbili za fainali ile, na hilo halisemwi vya kutosha.

Halafu usiku wenyewe: tarehe 7 Novemba 2012, siku moja baada ya Celtic kutimiza miaka 125, Barcelona wakiwa Glasgow. Dakika ya 21, kona ya Charlie Mulgrew, Wanyama akaruka juu ya kila mtu na kuupiga mpira kichwa hadi wavuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa hoteli moja kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja dakika za nyongeza, ikaisha 2-1. Wanyama alikuwa na miaka 21. Msimu uliofuata Southampton walimnunua kwa pauni milioni 12.5.

Jezi ya pili ni ya Tottenham, nyeupe, namba 12, na hii siisifii. Ni nakala. Kitambaa ni chepesi mno, kwenye mwanga unaona mkono upande wa pili, na ile 2 ilianza kukunjika pembeni baada ya kufuliwa mara ya pili. Kwa shilingi 1,000 utaivaa nyumbani, lakini usimpelekee mtoto mazoezini, haitamaliza muhula. Inaniuma, maana msimu wa 2016-17 ndio nadhani alicheza mpira wake bora kabisa: mechi 36 za ligi, na Spurs, yaani Tottenham, wakamaliza wa pili kwa pointi 86. Kocha Pochettino alimfahamu tangu Southampton na alijua anachokinunua. Wengi wanalikumbuka kombora la Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018: ameingia muda mfupi tu uliopita, kipa akaupiga ngumi mpira, nao ukamkuta Wanyama mbali na lango. Lilichaguliwa bao la mwezi. Mimi humwonyesha mpwa wangu vitu vidogo zaidi, kama anavyogeuza bega na kutazama nyuma kabla pasi haijamfikia.

Ya tatu ni nyekundu, ya Harambee Stars, na hapa tulikwaruzana kidogo. Niliagiza kwa simu nikaletewa, kumbe A ya mwisho imeshuka chini ya wenzake karibu upana wa kidole. Jina la aliyekuwa nahodha wa taifa! Niliirudisha Jumatatu. Muuzaji hakubishana. Aliipasha moto, akaibandua herufi moja moja kwa kibano, akaandika upya bila kunidai kitu. Alama ya ile A ya kwanza bado inaonekana ukiinamisha jezi kwenye jua, lakini ukiwa hatua mbili mbali huioni. Ushauri wangu: usiagize kwa simu, nenda mwenyewe usimame pale mashine inapokandamiza.

Ndiyo jezi ninayotaka idumu kuliko zote. Mwaka 2019 Wanyama alituongoza Misri, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara yetu ya kwanza kurudi huko tangu 2004. Dhidi ya Tanzania tulitangulia kufungwa na Msuva, Olunga akasawazisha, dakika iliyofuata Samatta akawarudisha mbele. Omolo akafunga kwa kichwa, Olunga tena dakika ya 80, 3-2. Algeria na Senegal walitufunga, tukaishia kwenye makundi, lakini usiku tulipoifunga Tanzania jirani yangu Mtanzania alikuja kunipa mkono mlangoni. Wanyama aliivua jezi hiyo Septemba 2021, baada ya mechi zaidi ya 60.

Kibanda nitarudi, kwa mitumba na uchapaji wa papo kwa papo. Nakala nyepesi muuzaji aziache, au aseme wazi kabla mteja hajalipa, maana ya Tottenham sikuambiwa. Fika kabla ya saa nne asubuhi, ngazi hazijajaa watu, naye ana muda wa kukushushia gunia. Wiki jana nilimkuta ameshatundika 67 nyingine mbele kabisa, saizi ya mtoto mdogo, nikamwomba aniwekee hadi mwisho wa mwezi. Mdogo wake mpwa wangu ameanza kucheza kati.