Waini ya rafu ya chini: nimeitukana jana, leo naiomba radhi

Wadau mimi si mtaalamu, ni mnywaji tu mwenye mfuko mwembamba, nikienda kununua waini nachukua ile ya rafu ya chini kabisa halafu namwachia Mungu. Safari hii nimebeba Carmenère ya Chile, waini nyekundu ya zabibu yenye jina hilohilo, ml 750, kilevi asilimia 13.5, kizibo cha kusokota ambacho watu wanakidharau ila mimi nakipenda, huhangaiki kutafuta kifungulio usiku.

Chupa ilikuwa imekaa juu ya kabati kwenye joto, nikafungua nikamimina hapohapo. Aisee. Kinachokuja kwanza ni spiriti, pua inawaka, halafu nyuma yake pilipili hoho mbichi, ile harufu inayotoka ukiipasua tu katikati. Kuonja, ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikasema basi nimeliwa, nikafunga nikaitupia kwenye friji nikalala zangu.

Kesho yake jioni nikaitoa, nikaiacha mezani kama nusu saa ubaridi upungue, nikaonja sina hata matumaini. Siyo ile jamani! Spiriti imetulia, hoho ipo ila kwa mbaaali, mbele limekuja tunda jeusi jeusi kama zambarau zilizoiva sana na kamoshi kidogo. Ulimi bado unakauka ila sasa ni ule ukavu wa kukuitia funda lingine. Ndo nikajua jana kosa lilikuwa langu, waini nyekundu inataka nyuzi 16 mpaka 18 hivi, ikiwa ya moto kilevi kinapanda puani na kufunika kila kitu, na hii pia ilihitaji kupata hewa.

Hiyo hoho msiiogope, ndo zabibu yenyewe ilivyo, ikivunwa mapema inazidi. Tena zabibu yenye vituko, huko Chile walikaa nayo miaka na miaka wakidhani ni Merlot, zabibu nyingine nyekundu, mpaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa akaja akawaambia hapana, hii ni Carmenère.

Sasa mabaya. Ladha inakatika upesi, ukishameza ndo imeisha hiyo. Na lebo ya nyuma imeandika vanila na chokoleti, vanila sawa ipo japo ya kulazimishwa kidogo, lakini chokoleti nimeitafuta mpaka chupa imefika nusu sijaiona. Siku ya tatu kilichobaki kilishaanza uchachu kwahiyo usijifanye unaitunza.

Kwa hela niliyotoa naipa 7 kwa 10, kuna chupa nimelipia mara mbili ya hii na zilikuwa tamutamu tu kama juisi, hazina hata hicho kimoshi. Nitainunua tena, ila inayofuata inapita kwenye friji robo saa kwanza, na namimina glasi naiacha kabisa naenda kuoga.