Gari Limebonyea Malindi: Tazama Rangi Kabla ya Kutafuta Fundi

Nazi iliangukia boneti ya Probox yangu nikiwa nimeegesha chini ya mnazi. Ikaacha shimo pana kama sahani ya wali, na kila aliyepita akanipa pole. Wiki ile ile tuktuk ilinikwaruza mlango wa nyuma, mkwaruzo wa urefu wa kidole tu, na hakuna aliyeuona. Shimo la nazi lipo mpaka leo na chuma chake ni kizima. Ule mkwaruzo ndio ulionila pesa, maana rangi ilikatika na upepo wa kusi ukaujaza chumvi ya bahari.

Kwa hivyo mimi siangalii ukubwa wa shimo. Pitisha ukucha pale palipogongwa. Ukiteleza, rangi bado imeshika na una muda wa kuchagua. Ukinasa, au ukiona chuma kinang'aa, usilaze gari hivyo: osha kwa maji ya mfereji, kausha kabisa, funika kwa seloteipu mpaka upate praima, ile rangi ya chini inayokinga chuma.

Hivi ndivyo ninavyozipanga njia, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

1. Bampa la plastiki: jifanyie nyumbani

Hapa sioni haja ya kumlipa mtu. Chemsha sufuria ya maji, yamimine polepole juu ya mbonyeo, kisha ingiza mkono kwa nyuma ukiwa umevaa glavu nene, usukume. Plastiki ikipata moto hulegea na hurudi kwa mlio wa "pop". Mwagia maji baridi ishike umbo. Usitumie moto wa gesi, utababua rangi. Na kama plastiki imekunjika ikatoa mstari mweupe au ufa, maji moto hayatairudisha vizuri.

Ujanja huu usiuhamishie kwenye mlango wa chuma. Wapo wanaopasha chuma kwa mashine ya kukaushia nywele kisha wanaweka barafu. Mara nyingi hakisogei. Shimo pana lisilo na ukingo mkali laweza kuvutwa kwa kikombe cha mpira cha kufyonza. Likigoma mara mbili tatu, acha.

2. Chuma kimebonyea, rangi nzima: fundi wa kunyoosha bila rangi

Huyu hupitisha fimbo za chuma kwa ndani ya mlango na kusukuma kidogo kidogo, au hubandika vishikio kwa gundi na kuvuta kutoka nje. Rangi ya kiwandani inabaki, na hiyo ndiyo kinga bora kuliko yoyote utakayopuliziwa gereji. Haifai kwa mbonyeo ulio kwenye ukingo wa mlango wala pale chuma kilipovutika sana. Usipompata aliyebobea, kuliacha shimo lilivyo ni chaguo halali. Mimi boneti yangu nimeiacha.

3. Rangi imekatika: fundi wa bodi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo simama naye. Fundi mzuri hupapasa kwa kiganja zaidi kuliko anavyotazama. Niliyempata mwishowe alifumba macho, akapitisha mkono mlangoni, akasema, "Ami, hapa chini kuna fila ya zamani." Fila ni uji mzito wa kujazia mbonyeo, ukikauka huwa mgumu, na sumaku haiushiki. Akatoa sumaku iliyofungwa kitambaa. Kwenye chuma kitupu ikashika. Pale alipoonyesha ikateleza ikaanguka.

Fila haipaswi kuzidi unene wa milimita 3 hivi. Chuma kwanza kinyooshwe kwa nyundo na tako, yaani kipande cha chuma cha kuegemeza kwa nyuma, fila ije kusawazisha tu. Fila hunyonya maji, na fundi anayejaza shimo zima anakuuzia kutu ya mwaka ujao. Dai praima ya epoksi juu ya chuma kitupu.

Jambo ambalo wengi hapa hawaulizi: msasa wa maji anaupiga kwa maji gani? Visima vingi vya mjini vina chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na rangi hutoka malengelenge. Mimi hupeleka madumu mawili ya maji ya mfereji, na hakuna fundi aliyenikatalia.

Kuhusu rangi, soma namba yake kwenye kibati cha maelezo ya gari, si kile cha usajili. Toyota nyeupe ya 040 ni rahisi kulinganisha. Ya 070 ni nyeupe ya lulu, inataka tabaka tatu, na asiyeijua atakuachia mlango wa rangi nyingine. Mwezi wa Mei mvua zikiwa zimeshika, ahirisha kupuliza kama gereji haina paa na kuta. Chuma kifunikwe praima, rangi ingoje.

Mwenye bima kubwa aangalie kwanza kiasi anachopaswa kujilipia. Kwa mlango mmoja, mara nyingi ni nafuu kumlipa fundi.

4. Mlango uliokunjika ukingoni: nunua mwingine

Tafuta wa mtumba wenye rangi ile ile. Ujaribu kwa sumaku, utazame chini yake kwenye matundu ya kutolea maji. Kutu huanzia hapo.

5. Fila na rangi ya kopo, nyumbani

Naiweka mwisho, na nimeifanya. Ule mkwaruzo nilijaza mwenyewe, nikapiga msasa kwa maji ya kisima, nikapuliza rangi ya kopo uani huku kaskazi ikileta vumbi. Ulipendeza miezi michache. Masika ilipokwisha rangi ilivimba, na nilipoibonyeza kwa kidole ikatoka maji ya rangi ya chai. Kwa joto letu fila ikizidishwa hadina, ile dawa ya kuigandisha, huganda kabla hujaisambaza. Ukilazimika, changanya kiasi cha kijiko kimoja kimoja na uvae barakoa.

Ukikabidhiwa gari, usilichukue jioni. Nenda asubuhi jua likiwa chini, simama kwenye taa ya nyuma, utazame ubavu wote kuelekea mbele. Mawimbi yakiwepo utayaona hapo, na salio bado liko mfukoni mwako.