Jiko la chuma au kifuniko cha udongo: mapishi ya Kirumi kambini

Wanaoigiza maisha ya askari wa Roma ya kale huko Uingereza na Ujerumani huwa na njia mbili za kupika. Kuna jiko la mkaa la chuma lenye miguu, nakala ya majiko yaliyofukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79. Na kuna testum, kifuniko cha udongo kama bakuli lililopinduliwa.

Jiko halina siri. Tia mkaa, ngoja uvae jivu jeupe, bandika sufuria au panga soseji juu ya vyuma. Nyasi za uwanja wa watu zinapona. Adui wake ni upepo: mkaa unakwisha upesi, na chungu cha udongo kikibandikwa ghafla kwenye moto mkali hupasuka.

Testum inataka subira, na sakafu ya mawe au vigae. Unawasha moto, ukitulia unasogeza makaa pembeni, unaweka mkate palepale penye joto, unafunika, kisha unapalia makaa juu. Aliyewahi kupalia wali hahitaji somo hapa. Cato, mwandishi wa Roma ya kale, aliagiza libum, keki ya jibini, iokwe hivyo, polepole: ratili 2 za jibini, 1 ya unga na yai 1, juu ya majani.

Kwa nyama na uji nachukua jiko bila kufikiri mara mbili. Mkate je? Juu ya vyuma unaungua chini, katikati bado unga mbichi.