Raba za mtumba za kukimbilia milimani: nimezipiga Mabatini, Luchelele na Kisesa

Nilizinunua Mlango Mmoja, soko letu la mitumba hapa Mwanza, mwezi wa tatu kwa elfu 38. Muuzaji alianza na 65, nikaondoka akaniita, nikaondoka tena akaniita tena, mnajua wenyewe mchezo wa pale. Ni raba za mbio za milimani hasa, sio zile za kuvaa na jinzi, soli ina meno marefu nikapima nyumbani kwa rula milimita 6, mdomoni kuna mpira mgumu wa kukinga vidole, nyepesi balaa. Chapa siitaji maana nyingine ya aina hiyohiyo hutaipata, mtumba ni bahati yako na belo lililofunguliwa siku hiyo.

Sasa kilichonifanya nizipende kabla hata sijazivaa. Nilipofika nyumbani nikatoa ile soli ya ndani nizifue, chini yake nikakuta unga mweupe umegandamana pembeni, na kwenye jino moja la nje kimenasa kijiwe cheusi kikali kama kipande cha chupa. Nikacheka peke yangu. Mimi niliwahi kukaa Brighton, kule Uingereza, mwaka mmoja kwa masomo, na wikiendi nilikuwa napanda basi linalokupeleka mpaka juu Ditchling Beacon, nashuka nakimbia kwenye vile vilima vya South Downs, na raba zangu zote za kipindi kile zilikuwa na unga huohuo. Vilima vile ni chaki tupu, mwamba mweupe uliotokana na magamba ya vijimea vidogo sana vya baharini enzi za dinosaria, (chaki nyingi za ubaoni siku hizi ni jasi, lakini muonekano ndio huo), na ndani ya chaki kuna magumegume, mawe meusi yanayokata. Sina ushahidi, inawezekana ni poda ya miguu ya mzungu tu. Ila kile kijiwe, mh.

Naeleza hivi kwa sababu ndio siri nzima ya hizi raba. Kule chaki ikiwa kavu unakimbia kama uko kwenye zulia, majani mafupi yameliwa na kondoo karne na karne, njia iko juu mgongoni mwa kilima unaona bahari upande mmoja mashamba upande mwingine, na njia yenyewe ya South Downs Way inaenda kilomita kama 160 kutoka Winchester mpaka Eastbourne. Mvua ikinyesha sasa, ile chaki inageuka sabuni, uji mweupe unaoganda chini ya kiatu mpaka unajiona umerefuka. Ndio maana ya meno marefu yaliyoachana, yanazama kwenye tope na yakitoka tope linadondoka. Kiatu kimetengenezwa kwa ajili ya majani na tope.

Na mimi nikakileta kwenye jiji la mawe.

Mabatini kwanza, asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Vile vichochoro vya kupanda kati ya nyumba na majabali, ngazi za zege, jiwe, zege tena, mtaro, jiwe. Sitaongea sana hapa, raba zinalia ta ta ta kama farasi na niliona meno yameanza kulika wiki ya pili tu. Halafu ni njia ya watu, kina mama wanashuka na ndoo, watoto wa shule, we unakuja mbio kutoka juu utaua mtu. Nilipumua lakini! Watu wanasema vilima vya Mwanza vidogo, sawa, vidogo, ila Ditchling Beacon yenyewe ina mita 248 tu kutoka usawa wa bahari, wakati ukiwa umesimama mwaloni Kirumba unachagua dagaa tayari uko mita 1,134. Mgeni kutoka pwani akija kukimbia hapa atajua hajui.

Luchelele ndio nilikuwa nasubiri. Daladala mpaka Nyegezi Kona, bodaboda mpaka Malimbe, ukipita chuo unaendelea na njia za wavuvi kuelekea ziwani, na hapo kati mawe yako kila saizi, kuna yanayolingana na friji na kuna yanayolingana na ghorofa. Kwa uzuri sina la kusema. Ziwa limetulia, pimbi wanaota jua, mijusi ile ya kichwa chekundu na mwili wa bluu inakuangalia inapiga push-up. Hakuna kibao cha njia hata kimoja, unauliza watu, na nawaambia dada zangu msiende peke yenu, mimi huwa nakwenda na wenzangu wawili na simu ina chaji.

Raba hapa zilinishinda. Granaiti yetu ni mwamba mgumu wa zaidi ya miaka bilioni mbili, ukiugusa ni msasa mtupu, maana yake ukiwa na soli bapa ya mpira laini unanata hata kwenye mteremko wa kutisha, watoto wa pale wanapanda na kandambili. Lakini hizi zina meno, kwa hiyo kinachogusa jiwe ni vile vincha tu, na vincha vinapinda. Unashuka unahisi mguu unacheza ndani, kama umevaa viatu vya mpira wa miguu ukaingia nacho ukumbini. Na jiwe likiwa na changarawe juu, ile inayomeguka kwenye mwamba wenyewe, ni gololi. Nilianza kushuka kwa makalio kama mtoto.

Aibu kubwa ilikuja pale karibu na maji, jabali limelowa lina ule ukijani mweusi, nikasema si raba za mlimani hizi, nikakanyaga. Nilikaa chini kabla sijajua nimeanguka. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa akaniangalia akasema, pole mwanangu, kwani nani anakukimbiza? Nikamwambia hakuna mama nafanya mazoezi. Akasema kwa huruma kabisa, haya, pole. Kiwiko kina kovu mpaka leo.

Na hapohapo jambo moja la muhimu, usioshe raba na miguu kwa kusimama kwenye maji ya pembeni yenye majani, kichocho kipo na hakijali umetoka mazoezini. Beba chupa yako ya maji uoshee nchi kavu.

Nilitaka kuziuza, nilishapiga na picha. Halafu mwezi wa nne ikanyesha siku tatu mfululizo na jamaa wa grupu letu wakasema Jumapili tunaenda Kisesa, kilomita kama 18 kutoka mjini barabara ya Musoma, tunaanzia upande wa Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma tunazunguka vilima tunarudi kwa chini mashambani. Nikavaa kwa hasira tu.

Jamani. Juu mlimani kwenye luseni, ule mchanga wa mawe yaliyooza, mvua inanyonywa haraka na meno yanashika vizuri, hiyo nilitegemea. Tulipofika chini mbugani kwenye majaruba ya mpunga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovua watu viatu, wenzangu watano wote wa raba za barabarani wakawa kila mmoja kabeba kilo mbili kila mguu, mmoja kaacha raba kwenye tope kaendelea na soksi hatua tatu ndio kashtuka. Mimi napita juu ya kijia cha jaruba pa pa pa, tope linaingia linatoka. Nilijikuta niko Uingereza mwezi wa pili, tope jeusi badala ya jeupe. Siku hiyo nilifika wa kwanza, na mimi huwa sifiki wa kwanza, naomba iandikwe mahali.

Ubaya mwingine ni gundi. Wiki ya sita mdomo wa kulia ukafunguka. Hilo siyo kosa la muuzaji, kiatu kikikaa miaka kabatini na kwenye belo gundi inakauka, ukianza kukikunja kinaachia. Nikapeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, shikamoo mzee, marahaba, akaviangalia akasema hapa gundi peke yake ni kudanganyana, akashona mzunguko mzima kwa uzi wa nailoni yote mawili kwa elfu 8. Sasa ni imara kuliko vilivyotoka kiwandani, ila maji yanaingia kwenye matundu ya sindano, sijali. Ukienda kununua kunja kiatu mara mbili ukiangalia pale soli inapokutana na kitambaa, ukiona mstari unafunguka shusha bei au achana nacho. Na bonyeza lile sponji la soli kwa kidole gumba, likiwa gumu kama sahani limekufa, magoti yako ndio yatalipa.

Maksi zangu: Kisesa kwenye tope 9 kati ya 10, Mabatini 4, Luchelele 2 na hiyo 2 ni ya ule mpira wa mbele ulioniokoa vidole. Siuzi tena, nimezitundika msumarini zinasubiri vuli. Kwa sasa natafuta namba 39 yenye soli bapa na mpira laini kwa ajili ya mawe, bajeti elfu 40 mwisho, ukikuta Mlango Mmoja belo limefunguliwa niambie kabla hujamwambia mtu mwingine.